Vijana wa Shule Kati ya Wagonjwa wa Lourdes

Katika misioni zetu nyingi mmekwisha kuona pango la mawe, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria mwenye nguo nyeupe na mshipi wa buluu. Pango lililo mfano wa hayo yote liko Lourdes, Ufaransa ya kusini, chini ya milima ya Pirenei. Huko ndiko tulikofika mwezi wa saba, sisi watu wa Kivu tuliochukuliwa katika hija ya jimbo moja la Ubelgiji. Katika treni walikuwamo wagonjwa, mapadri, wauguzi, na wavulana na wasichana wapata 40 wa madarasa ya mwisho ya sekondari, waliotoa juma moja la likizo yao ili kuwatumikia wagonjwa hao.

Mji wenyewe ni mdogo. Wakaaji wake hawafiki 15,000. Njia ziteremkazo kwenda mahali patakatifu zimejaa maduka, na humo huuzwa chupa za plastiki zenye umbo la Bikira Maria, taji lake likiwa ndilo kizibo. Hatukuzipenda, ingawa tulizinunua kama wengine wote. Lakini ukiisha kupita lango kelele hupungua. Unauona mto Gave, ambao maji yake ya baridi yatoka milimani, na jabali la Massabielle, na chemchemi ambayo Bernadette Soubirous aliifukua kwa mikono yake tarehe 25 Februari 1858.

Binti huyo alikuwa na miaka 14, mgonjwa wa pumu, asiyejua kusoma, akikaa na wazazi na ndugu zake katika chumba kimoja kilichokuwa zamani gereza. Bikira Maria alimtokea mara 18. Jambo moja lilimshangaza Bernadette sana: Bibi yule alisema naye kwa lugha ya kwao wala si kwa Kifaransa, tena kwa heshima, jinsi watu wanavyosema na mkubwa. Mwaka 1866 aliingia utawa huko Nevers, akapewa kazi ya kuuguza masista wenzake, mpaka yeye mwenyewe akalazwa. Alikufa mwaka 1879, umri wake miaka 35.

Kazi ya kuwapokea wagonjwa ina chama chake, Hospitalité Notre-Dame de Lourdes, kilichoanzishwa mwaka 1885. Watumishi wake hawalipwi. Nauli na chakula hujilipia wenyewe. Vijana wa shule huja zaidi pamoja na majimbo yao, chini ya uangalizi wa wakubwa. Dawa hawazigusi. Wao hutandika vitanda, hugawa chakula, huvuta vile vigari vya buluu vya magurudumu matatu, ambavyo mmoja hushika mkono wa mbele na mwenzake husukuma nyuma. Sisi nasi tulijaribu, na siku ya kwanza tukampandisha mama mmoja juu ya ukingo wa njia hata akapiga yowe. Alitusamehe, lakini kesho yake alichagua wasichana wawili.

Siku huanza mapema: kuwavika, kuwalisha, Misa, sala penye pango, saa kumi na moja jioni maandamano ya Sakramenti Takatifu, saa tatu usiku maandamano ya mishumaa, na maelfu ya watu wakiimba Ave Maria. Kanisa halina haraka ya kutangaza miujiza. Tangu mwaka 1858 mpaka mwaka 2018 lilikubali 70 tu. Karibu wagonjwa wote hurudi kwao na ugonjwa wao, na vijana wale walilijua hilo.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka 17, hodari na mwepesi, aliyepewa mzee mwenye mikono ya kutetemeka. Alimlisha supu upesi upesi, kama mtu anayejaza debe. Mzee akafunga kinywa. Kijana akaweka kijiko chini, akasema kwamba mzee ameshiba. Sista muuguzi hakumgombeza. Alimketisha kitini, akamwamuru mwenzake amlishe yeye supu ile ile, kijiko baada ya kijiko, naye asiinue mikono. Wenzake walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Kijana alikuwa mwekundu usoni. Kisha akarudi kwa mzee, akamwomba radhi, akamwuliza kama apenda apewe polepole. Chakula kile kilichukua muda wa saa nzima.

Usiku ule, kando ya mto, alituambia kwamba babu yake yumo katika nyumba ya wazee, mwendo wa dakika 20 kutoka kwao, na tangu Noeli hajakwenda kumwona. Akatuuliza kama kwetu nako wazee hupelekwa katika nyumba za namna hiyo. Tulikuwa tayari kujisifu. Tulitaka kumjibu kwamba kwetu babu hukaa pamoja na wajukuu wake mpaka kufa. Neno hilo ni kweli kwa nyumba nyingi. Lakini tuliwakumbuka vikongwe wanaosingiziwa uchawi vijijini kwetu, wanaofukuzwa katika nyumba zao, na hata wanaouawa, tena na watu waliobatizwa. Tukamwambia yote mawili. Alisikiliza bila kusema kitu.

Mzee wake hakupona. Siku ya kuondoka mikono ilikuwa ikitetemeka kama siku ya kufika, naye kijana alimfunga vifungo vya koti, akampandisha katika treni, akaketi karibu naye njia nzima.

Tulipofika Ubelgiji ilikuwa jioni. Wazazi walikuwa wakingoja stesheni na maua. Kijana alimbusu mama yake, akampa mzigo, akabaki na ile chupa mbaya yenye taji la buluu, imejaa maji. Alitujia akatuuliza saa, kwa sababu nyumba ya wazee hufunga mlango saa mbili usiku.