Mstari Ulionyamazishwa

Kijana anayetunza programu ya ghala la mahindi hapa Sumbawanga alitaka ripoti ya misimu yote. Badala ya kuufuta mstari unaochuja msimu, aliuwekea vistari viwili mbele, mwenyewe akiita "kunyamazisha": `-- AND msimu = %s`. Katika SQL, mstari wa namna hiyo ni maoni tu, hifadhidata haiutekelezi. Akaondoa thamani ya msimu, akabakiza jina la kijiji. Ripoti ikagoma: thamani hazitoshi.

Hifadhidata yenyewe, PostgreSQL, ilikuwa haijaliona hata swali. Kati yake na programu ya Python kuna draiva, psycopg2, nayo haijui maoni ni nini. Inatafuta `%s` popote ilipo na kuidai thamani yake. Draiva ya Java ya PostgreSQL, inayotumia alama ya kuuliza badala ya `%s`, huyatambua maoni na kuyaruka. Katika PHP, PDO, inayofanya kazi kama hiyo, ilikaa miaka mingi na kichanganuzi kimoja kwa hifadhidata zote, wakati alama ya # huanzisha maoni kwenye MySQL na kwenye PostgreSQL ni kitendo cha hesabu. Ni toleo la PHP 8.4, la mwaka 2024, lililozipa MySQL, PostgreSQL na SQLite kila moja kichanganuzi chake.

Nilimwambia aufute mstari ule kabisa, maana Git inatunza historia yote. Ripoti ikatoka palepale. Mimi nikabaki na lile neno "kunyamazisha".

Kijijini kwetu, huku juu Ufipa, ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba. Wazee wakaamua yaishe, yasitajwe tena, na mbele yao yaliisha kweli. Nawaheshimu wazee wale, lakini naamini walikosea: walikataza maneno, madai wakayaacha palepale shambani, katikati ya matuta ya kufukia majani. Kaka mtu alipotaka kuuza kipande, mtendaji wa kijiji akadai saini ya jirani wa mpakani, yaani mdogo wake. Mtendaji hakuwa na ubaya wowote. Kazi yake ni kuhesabu saini zinazotakiwa. Kikao cha wazee hakimo kwenye fomu yake. Mdogo mtu akakataa kusaini, na ikabidi kikao kiitishwe upya, safari hii kuulizana waziwazi nani alisogeza jiwe la mpaka, na lini.