Daftari la Kifua Kikuu na Mtu wa Masagati

Kifua kikuu ni maradhi yasiyo na haraka. Huingia kwa kikohozi, hukaa miezi, na aghalabu humfikia jirani kabla mwenyewe hajayajua. Kwa hiyo kuyalinda kulihitaji kalamu pamoja na dawa. Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, kwa ushauri wa Dokta Karel Styblo, kitu kikubwa kilichozaliwa humo kilikuwa daftari, na Shirika la Afya Duniani lilikuja kueneza mtindo wake katika miaka ya 1990. Kila aliyeanza dawa aliandikwa, na muda wake ulipotimia wilaya ilidaiwa habari zake: amepona, amekufa, amehamishwa au ametoroka.

Kila robo mwaka daftari la maabara lililinganishwa na daftari la matibabu. Jina lililokuwamo katika la kwanza na kukosekana katika la pili lilikuwa la mtu ambaye vijidudu vimeonekana katika makohozi yake, naye yuko kijijini, anakohoa, hana dawa. Ni nadra karatasi kufanya kazi njema kama hiyo.

Lakini neno "ametoroka" lina dhuluma ndani yake. Hutoroka mtumwa na mfungwa. Masagati iko mbali, mbele ya Mlimba kwa atokaye Ifakara, na masika ya Kilombero huifanya njia kuwa maji. Makohozi yalitakiwa mara tatu katika siku mbili, mara moja yakiwa ya alfajiri. Basi mtu wa mbali alilala ugenini kabla hajaambiwa anaumwa nini. Katika matibabu ya miezi minane ya miaka ya 1980, miwili ya kwanza ilikuwa ya sindano kila siku. Mpunga ungelindwa na nani? Ndege na nguruwe hawasomi cheti cha hospitali. Aliyerudi dunguni kuokoa chakula cha watoto aliandikwa mtoro sawasawa na aliyepuuza, na daftari, pamoja na uhodari wake wote wa kuhesabu, halikuwa na safu ya mto uliofurika.

Tangu mwaka 2006 mgonjwa aliruhusiwa kuchagua kunywa dawa nyumbani, mbele ya ndugu au rafiki aliyemtaka mwenyewe. Dawa bado zilifuatwa kituoni, na masika hayakubadili desturi yake. Ila aliyemtazama mgonjwa akimeza kidonge sasa alikuwa mtu wa nyumba ile ile, mwenye kuujua mto na shamba.