Kiunzi kinachobeba toni

Kwa Kilingala, mtu akikuandikia "nakomi" bila alama za toni, huwezi kujua kama amefika ao amekwisha kuandika. Nakómí ni nimefika. Nakomí ni nimeandika. Kwa mdomo shida hiyo haipo. Lakini sisi wanafunzi wa isimu hapa Lubumbashi tunauliza maswali wasemaji walio Kinshasa, na majibu yao tunayatunza kama data ya utafiti. Ndiyo maana tulitaka programu yetu wenyewe ya mazungumzo ya papo kwa papo, na ndiyo maana mimi, mtu wa lugha za Kiafrika, nilibishana wiki nzima juu ya viunzi vya programu.

Kiunzi ni kama mbao zilizochongwa tayari: unaandika mara moja, programu inafanya kazi kwenye Android na kwenye iPhone. Yaya anayenisaidia, mwanafunzi wa informatika, alitaka React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, kwa kuwa JavaScript anaijua. Mimi nilivutwa na Flutter ya Google, inayotumia lugha ya Dart.

Ubishi ulikuwa juu ya herufi moja: ɔ́. Katika Unicode haina namba yake peke yake; ni ɔ inayofuatwa na alama ya toni. Neno mɔ́tɔ, yaani moto wa kupikia, kwa macho yetu lina herufi nne, kompyuta inahesabu tano. Programu ikifupisha ujumbe ili ionyeshe mwanzo wake tu, inaweza kupasua herufi na kuacha toni nje. JavaScript na Dart zote zinahesabu hivyo usipoziambia vingine. Hapo hakuna mshindi.

Tofauti iko kwenye kuchora. React Native inaachia simu yenyewe kazi ya kuonyesha maandishi. Flutter inachora kila herufi yenyewe, kwa hiyo simu ya bei ndogo na simu ya profesa zinaonyesha sura moja, mradi fonti inayofaa imefungwa ndani. Yaya alijibu kwamba hata upande wake fonti inafungwa, na kwamba Flutter inaongeza uzito. Mega tunanunua kwa pesa zetu; hoja hiyo si ndogo. (Mtandao ukikatika, kiunzi chochote hakikuokoi: ni lazima ujumbe ungoje ndani ya simu.)

Nikamwambia, "Yaya, tusijaribu na salamu ya Kiingereza. Tujaribu na mɔ́tɔ."

Kwenye simu ya zamani kuliko zote alama ilikaa pembeni ya herufi. Tulipofunga fonti, ilipanda mahali pake. Basi tukachukua React Native: Yaya akimaliza masomo, watakaojua JavaScript hawatakosekana.

Imebaki kibodi, maana wasemaji wengi hawana ɔ kwenye simu zao. Tumeweka vitufe vitatu juu ya sehemu ya kuandikia: ɛ, ɔ na alama ya toni. Yaya anataka vifichwe mpaka mtu avihitaji. Mimi nimekataa.