Rameswaram: Hekalu, Msikiti na Bahari



Tulipowaeleza jamaa zetu kwamba katika safari yetu ya Bara Hindi tunakusudia kufika Rameswaram, mmoja wao alikunja uso akasema, "Mwislamu anakwenda kutafuta nini katika mji wa masanamu?" Siku ile hatukumjibu, kwani jibu hatukuwa nalo. Swali lake tulilichukua pamoja na mizigo yetu, na leo tunawaandikia tuliyoyaona ili kila mmoja apime mwenyewe.

Mji huu uko katika kisiwa cha Pamban, jimbo la Tamil Nadu, pale kusini ambapo Bara Hindi inakaribiana na Sri Lanka. Kwa Wahindu ni mmoja katika miji minne mikuu ya hija. Mingine ni Badrinath iliyo milimani kaskazini, Puri ya mashariki, na Dwarka ya magharibi, katika pwani ya Gujarat, nchi walikotoka wazee wa majirani zetu wengi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Gari la moshi hufika kisiwani kwa daraja la baharini lenye urefu wa kilomita mbili na zaidi. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1914. Chumvi na upepo vikalila, na mwaka 2025 likafunguliwa jipya kando yake, ambalo kipande chake kimoja hupandishwa juu wima ili vyombo vipite chini. Tulipokuwa juu ya maji, wazee wa Kihindu tuliokaa nao waliunganisha viganja kwa heshima. Nasi tukamtaja Mola wetu kimya kimya.

Hekalu la Ramanathaswamy tulilitazama kwa nje. Ndani kabisa hawaingii wasiokuwa Wahindu, wala sisi hatukutaka kuingia mahali pa ibada ya wengine. Wao husimulia kwamba Rama, aliporejea kutoka vitani Lanka, alimwabudu Shiva mahali hapo. Hujaji huanza kwa kuoga baharini, kisha huzunguka visima 22 vilivyomo hekaluni, na katika kila kimoja humwagiwa maji kwa ndoo. Alfajiri tuliwaona wakipita wamelowa chapachapa, vikongwe wameshikwa mikono na wajukuu zao. Wako wanaochukua mchanga wa hapa mpaka mto wa Ganges, kaskazini ya mbali, na kuleta huku maji ya mto huo.

Itikadi yao si yetu, na baina ya Tauhidi na masanamu hakuna njia ya katikati. Lakini tungekuwa waongo kama tusingekiri kwamba tuliona haya. Watu hawa wamevuka nchi nzima na kuamka kabla ya jua. Na kwetu ni wangapi ambao msikiti uko hatua hamsini, na adhana ya alfajiri huwapita wamejifunika shuka?

Kutoka hekaluni ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu mpaka Mtaa wa Msikiti. Hapo tarehe 15 Oktoba 1931 alizaliwa A. P. J. Abdul Kalam, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa roketi, na tangu mwaka 2002 mpaka 2007 Rais wa India. Baba yake, Mzee Jainulabdeen, alikuwa Mwislamu mchaji, mwenye mashua iliyowavusha mahujaji wa Kihindu. Rafiki yake mkubwa alikuwa Lakshmana Sastry, kuhani mkuu wa lile hekalu, na wawili hao walikaa pamoja kuzungumza mambo ya roho, kila mmoja katika dini yake.

Kalam amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mwenye kofia ya Kiislamu, alikaa dawati la mbele pamoja na mtoto wa kuhani. Mwalimu mgeni akamwondoa na kumpeleka nyuma. Yule mtoto wa kuhani akalia. Khabari ilipofika nyumbani, kuhani mwenyewe alimwita mwalimu na kumwambia asipande mbegu ya chuki katika nyoyo za watoto. Amwombe radhi mtoto au aondoke kisiwani. Mwalimu akajuta. Kalam alifariki tarehe 27 Julai 2015 na kuzikwa kisiwani kwao. Tulisimama kaburini tukamsomea dua, na ubavuni petu walisimama Wahindu wengi, wamevua viatu.

Kutoka hapo tulikwenda Dhanushkodi, ncha ya kisiwa. Ulikuwa mji wenye stesheni, posta na kanisa, na meli za kwenda Sri Lanka. Usiku wa tarehe 22 Desemba 1964 kimbunga kiliinua bahari juu yake. Gari la moshi lililokuwa likiingia lilizolewa pamoja na abiria wake, zaidi ya mia moja. Leo zimebaki kuta za mawe na mchanga. Bahari haikuuliza nani Mwislamu, nani Mhindu, nani Mkristo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mbele ya ncha hiyo, mafungu ya mchanga yamepangana kuelekea Sri Lanka. Wahindu huyaita daraja la Rama. Wengine huyaita Daraja la Adamu, kwa ile riwaya kwamba Nabii Adam, alayhi salaam, aliteremkia Sarandib. Qurani haikutaja mahali. Hata hivyo Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda Sarandib mwaka 1344 kuuzuru mlima unaonasibishwa na unyayo wake.

Mwisho tulirudi bara mpaka Kilakarai, bandari ya kale ya Waislamu wafanya biashara ya lulu. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo za mawe kama za mahekalu ya jirani, ila pasipo sanamu yoyote. Humo tuliambiwa kwamba wazee wao waliandika Kitamil kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Tulicheka kwa furaha, kana kwamba tumekutana na binamu.

Basi, ndugu yetu uliyeuliza, jibu lako ni hili. Katika Suratul An'am tumekatazwa kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu. Na katika Suratul Mumtahina hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Mzee Jainulabdeen aliyashika yote mawili, wala hakupoteza rakaa moja ya sala yake kwa kuwa rafiki wa kuhani. Nawe una jirani Mhindu mwenye duka pale kona. Je, mwanawe akikaa na mwanao dawati moja, utawafundisha nini?

Mwenyezi Mungu atuthibitishe katika dini yetu na atupe tabia njema kwa majirani zetu. Amin.