Bega la kushoto

Mimi ni wa Bugarama. Siyo ile ya Muramvya, ya baridi na kabeji. Yetu ni ya Rumonge, upande wa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kukata mikungu ya mawese: unapanda mchikichi, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unainua panga juu ya kichwa. Tangu 2015 niko kambini huku Kigoma, sijapanda mti hata mmoja. Lakini kila wakituletea habari za kurudi nyumbani, nawaza mchikichi kwanza, kwa sababu bega langu la kushoto haliendi juu.

Nilichanja 2021, ile ya Johnson & Johnson, sindano moja. Dozi zaidi ya milioni 1 zilifika Tanzania Julai ya mwaka ule kupitia COVAX. Nilivaa shati la mikono mirefu, linabana. Badala ya kulivua nikavuta kola mpaka bega likatokeza, na mchanjaji akachoma palepale, juu karibu na mfupa. Kuumwa mkono siku mbili tatu ni kawaida, wote tuliumwa. Mimi yalianza usiku uleule, na miezi minne mke wangu ndiye aliyenivalisha shati. Watu wakasema, unaona, chanjo mbaya! Hapana. Dawa haikuwa na kosa, ilienda pasipo pake. Sindano ya mkono inachomwa kwenye nyama, vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Ikipanda juu inaweza kugusa kiungo chenyewe, na pale panavimba.

Dada yangu mdogo alipelekwa Marekani. Siku moja akanipigia: "Kaka, huku bega hilo wanalilipa!" Kweli. Tangu 2017 wameliandika kwenye orodha ya madhara ya chanjo. Maumivu yakianza ndani ya saa 48 na kuendelea zaidi ya miezi 6, unaomba fidia, bila kuthibitisha nani alikosea. Pesa inatoka kwenye kodi ndogo wanayokata kwa kila dozi. Nikafurahi bure. Ni ya waliochanjwa kule, na hata kule chanjo ya COVID iko kwenye mpango mwingine, wenye mwaka 1 tu wa kuomba.

Na sisi? COVAX nayo ilikuwa na fidia yake tangu 2021, kwa nchi 92, Tanzania imo. Bure, bila mahakama. Ila ilikuwa ya kifo au ulemavu wa kudumu, tena na karatasi za daktari. Mkono wangu unafika usawa wa sikio, halafu basi. Huo ni ulemavu wa kudumu? Kwa mpanda michikichi ndiyo. Karatasini sijui, maana karatasi yenyewe sina. Kadi ya chanjo ninayo, na tarehe yake. Lakini nilipokwenda kulalamika kwenye kituo kimoja cha afya nilipewa vidonge, na daftari likaandikwa "maumivu ya mwili". Bega halikutajwa, sindano haikutajwa. Na mimi sikudai iandikwe. Nilichukua vidonge nikaenda.

Juzi binti yangu alikuwa na chanjo yake. Nilimvalisha blauzi ya mikono mifupi, nikamsindikiza. "Dada, samahani," nikamwambia muuguzi, "vidole viwili chini ya mfupa." Akaniangalia, akacheka, halafu akaweka vidole vyake begani kwa mtoto na kupima.