Jiwe la Isimila

Mtu atokaye mjini Iringa kwa barabara iendayo Mbeya, akisha kwenda mwendo wa kilomita 20 hivi, huiacha barabara kuu na kushika njia ya vumbi inayomfikisha Isimila. Tuliipita njia hiyo mara ya kwanza tukiwa wanafunzi, tumejazana nyuma ya lori pamoja na wenzetu, na wakati wa kurudi mfukoni mwetu mlikuwa na kitu kisichokuwa chetu. Habari ya kitu hicho ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Kwanza tuseme juu ya mahali penyewe. Kadiri ya miaka 260,000 iliyopita, kwa hesabu za wataalamu, hapakuwa na korongo hapa. Palikuwa na bwawa lisilo na kina kirefu, na vijito vilivyoteremka kutoka katika nchi ya mawe ya itale vilileta mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka. Watu wa kale walikuja kando ya maji yale. Wakachonga mawe, wakayatumia, wakayaacha, na mchanga ukayafunika. Zama nyingi baadaye maji ya mvua yakaanza kuyala yale matabaka, yakachimba korongo, na vitu vilivyozikwa vikaanza kuonekana tena. Pale ambapo tabaka la juu lilikuwa gumu, udongo wa chini yake ulisalimika. Ndiyo maana mgeni huona nguzo za udongo zimesimama, ndefu kupita nyumba, nyingine zimevaa kofia zao. Mvua ile iliyozichonga bado inazila.

Chini ya nguzo hizo ndiko yaliko mawe. Tulitazamia kuona vipande ovyo ovyo. Tulichokiona ni mashoka ya mkono yenye ncha upande mmoja na kitako upande wa pili, makali yake yamelinganishwa kulia na kushoto kana kwamba fundi alikuwa na kipimo. Mengine ni makubwa hata mkono mmoja hauyatoshi. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu.

Vitabu husema kwamba Isimila iligunduliwa mwaka 1951, mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alipookota mawe haya, na kwamba uchimbaji mkubwa uliongozwa na F. Clark Howell mnamo 1957 na 1958. Hatubishi; ndipo wataalamu walipopata habari. Lakini korongo lilikwisha kuwa na jina.

Basi siku ile, mwalimu wetu alipotangulia mbele, tuliinama tukaokota shoka moja dogo, tukalitia mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ilikuwako tangu 1964, nasi tulikuwa tumesomewa habari zake asubuhi ileile. Jiwe hilo lilikaa nasi miaka mingi. Lilikandamiza karatasi mezani, likazuia mlango usipigwe na upepo, wageni wakalisifu, nasi tukafurahia sifa hizo.

Jambo lililotugutusha halikutokea Isimila, bali Kalenga. Huko ndiko ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, ambaye majeshi yake yaliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891. Wajerumani waliivunja ngome kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Yeye mwenyewe hakutekwa, akapigana msituni mpaka 1898, akajiua asije akaangukia mikononi mwao. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka fuvu hilo litolewe, lakini ni mwaka 1954 tu ndipo Gavana Twining alipolirudisha Kalenga. Tulisimama mbele ya sanduku la kioo lenye fuvu hilo, tukisema na wenzetu maneno makali juu ya watu wanaobeba vya wenzao na kuviweka makabatini. Katikati ya maneno hayo tukakumbuka meza yetu. Tukanyamaza.

Msomaji ataona kwamba fuvu la shujaa na kipande cha jiwe havilingani. Nasi tulijiambia hivyo usiku kucha.

Mwaka uliofuata tulirudi Isimila na jiwe limefungwa katika kitambaa. Mzee aliyekuwa akiwaongoza wageni alitupokea kwa kamwene, tukaitikia, tukamweleza yote. Hakukasirika. Aliligeuza jiwe mkononi, akapapasa makali yake kwa kidole gumba, kisha akauliza, "Mwanangu, uliliokota wapi?"

Tukamwonyesha korongo kwa mkono.

"Korongo nalijua. Nauliza mahali. Tabaka lipi, la juu au la chini? Lililala pamoja na yapi?"

Hatukuwa na jibu. Nguzo tuliyoikumbuka hatukuiona, au labda tuliiona tusiitambue. Mzee akatueleza kwa upole kwamba jiwe likiwa mahali pake husema nani alikaa hapo, kabla ya nani, na alikuwa akifanya nini. Likiisha kuondolewa, hubaki jiwe zuri tu. Kulitupa chini popote asingekubali, maana lingemdanganya atakayekuja kuchimba.

Akalichukua, akaliweka juu ya rafu, peke yake, mbali na mengine, akatuandikisha jina katika kitabu cha wageni.