Kupanda Yerusalemu kutoka Ndabibi

Wajukuu wangu,

Macho yamekwisha, kwa hiyo dada yenu ndiye anayeandika. Mimi nasema tu.

Baadhi yenu mnatamani kuiona Yerusalemu kabla hamjafa. Nauli ikipatikana, nendeni. Ila jueni kwamba kutoka hapa Ndabibi mtashuka: Ziwa letu la Naivasha liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mji ule haufiki 900. Hata hivyo Biblia husema watu hupanda kwenda huko, nami nimeishi na neno hilo miaka mingi. Aliyewaita ndiye aliyeufanya mji uwe juu.

Unatajwa mapema, Mwanzo 14, kwa jina la Salemu, na Waebrania 7 hueleza kuwa ndilo neno la amani. Lakini msiishie hapo. Fungueni Mika 3. Nabii yule wa kijijini alisema Sayuni itapitiwa na plau kama konde, kwa kuwa viongozi walihukumu kwa hongo, makuhani wakafundisha kwa ujira, manabii wakabashiri kwa fedha, na wote wakajitapa kwamba Mungu yuko nao. Mfalme Hezekia alisikia, akaogopa, akaomba, na msiba ukazuiliwa. Zaidi ya miaka 70 baadaye Yeremia alitoa onyo kama hilo, wakataka kumuua. Someni mlango wa 26: wazee wa nchi walisimama mbele ya watu wote wakakumbusha habari za Mika, na Yeremia hakuuawa. Ila safari hiyo hapakuwa na toba. Mwaka 586 KK Wababeli wakauteketeza mji.

Basi unabii ni onyo linalongoja mtu atubu. Anayewauzia tarehe ya mwisho wa dunia, mwacheni apite na bidhaa yake.

Nasi tulikuwa na Salemu yetu. Naivasha ndiko ilikojadiliwa amani ya Sudan, ikatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Miaka mitatu baadaye, Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, damu ikamwagika katika mji huohuo. Huku kwetu vijana walikutana usiku nyuma ya ua langu. Nilizitambua sauti zao. Nilikuwa mzee wa kanisa, nikafunga mlango, nikapiga magoti kuomba. Wazee wa Yeremia walisimama. Magoti yangu yalikuwa woga, wanangu. Ufunuo 21 unataja mji mtakatifu wenye milango 12 isiyofungwa kamwe, na kila nikiusoma naukumbuka mlango wangu.

Jirani wa ng'ambo ya korongo aliondoka usiku ule na watoto wake. Hajarudi. Mpaka wake unaanzia kwenye jiwe jeusi, unafuata vichaka vya leleshwa hadi barabarani. Trekta ikija kulima, mwonyesheni dereva jiwe hilo, plau isivuke. Na wanawe wakija, siku yoyote, wapelekeni mpaka hapo, muwaambie ni nani aliyefunga mlango.

Guka wenu